Nilisugua medali ya vita mpaka ikang'aa, kumbe nafuta njia ya kaburi

Wakuu, salamu kutoka huku kwa baridi na chai.

Leo sina swali, sileti siasa, na siuzi kitu. Nataka tu niwape hii story vile ilitokea, bila kuongeza chumvi. Pale nitaonekana mjinga mniache hivyo hivyo, maana ndivyo nilikuwa.

Wale wa zamani hapa jukwaani mnakumbuka ile post yangu ya "before and after" ya medali, mkanichekelea wiki mbili. Kuna mmoja wenu aliandika ati mtu kama mimi akipewa maiti aoshe atarudisha mifupa. Mkuu, nilikuchukia. Sasa hivi nakuombea maisha marefu, na utaona kwa nini.

Kwa wageni, mimi ni mtu wa skrepu. Nazunguka na pickup yangu ya mlango mmoja (ule mwingine umefungwa na waya) kutoka Londiani mpaka Kericho, Litein, Sotik, Bomet, nikinunua jembe zilizovunjika, sufuria zilizotoboka, betri, mageti. Nimezaliwa Londiani. Wazazi wangu ni Wakisii walikuja kutafuta shamba la viazi wakabaki.

Shule niliachia Form Two. Lakini hiyo Form Two nilikuwa nimeirudia, kwa hivyo kwa experience mimi ni mtu wa Form Three.

Ugonjwa wangu ni medali za Mwingereza. Zile walipewa wazee wetu walioenda vita ya kwanza na ya pili. Ya kwanza niliipata ndani ya gunia la bawaba za mlango, nikataka kuitupa kwa mizani na vyuma vingine. Halafu nikaona kwa ukingo imechapwa jina la mtu. Namba, jina, na herufi za kikosi.

Hiyo ndiyo ilinimaliza. Tangu nianze hii kazi nimebeba vyuma vya watu wangapi, na hakuna sufuria imewahi kuniambia ni ya nani.

Basi nikaanza kuziweka kando kwa mkebe wa biskuti. Na exercise book moja, nikipata story ya mwenyewe naandika. Wakati hii story inaanza nilikuwa na medali kumi na moja na story mbili. Na kwa hizo mbili, moja niliambiwa na mlevi.

Sasa tuingie.

Siku hiyo nilikuwa Ndanai, huko Sotik. Mama mmoja alinisimamisha, wanabomoa nyumba ya zamani wajenge ya mabati mapya, akanitolea gunia zima. Jembe, vipande vya plau, mkebe wa tumbaku umeshika kutu mpaka haufunguki. Nikapima, nikabeba, nikaenda.

Jioni nyumbani nikafungua ule mkebe wa tumbaku na bisibisi. Ndani kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa medali. Nyeusi tititi. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande mwingine mtu uchi juu ya farasi. Hii ni ile ya vita ya kwanza, walioimaliza hai walianza kugawiwa miaka ya ishirini.

Kwa ukingo: ODERA OPIYO. Na herufi za kile kikosi cha wapagazi, wale walibeba risasi na unga kichwani mpaka Tanganyika.

Nikajiuliza, Mjaluo anatafuta nini Ndanai kwa Wakipsigis? Lakini sikujiuliza sana, maana nilikuwa nimeona kitu kingine. Ule upande wa farasi mtu alikuwa ameuharibu. Amekwaruza na msumari, mistari mistari, huku na huku ya farasi. Roho ikaniuma. Nikasema huyu ni mtoto alikuwa anacheza.

Wakuu, nikapiga picha moja, nikachukua grinder.

Ndiyo, grinder. Niliweka ile brashi laini ya kung'arisha, nikapaka dawa, nikasugua mpaka ule mweusi wote ukaisha na mikwaruzo yote ikaisha, na farasi akabaki kama sabuni ya hoteli. Nikapiga picha ya pili. Nikapost hapa nikitarajia pongezi.

Mlichonifanyia mnajua.

Nilitaka kufuta hiyo post kwa aibu. Nimeshika simu, kidole kiko juu ya delete, halafu nikaona comment ya mtu mmoja mpole. Alisema: bei ya medali umeshaua, angalau katafute story yake. Nikasema sawa. Kama nimeharibu uso wa mtu, nitafute jina lake. Nikajiapia nitamaliza hii, hata kama ndiyo kitu cha pekee nitawahi kumaliza.

Kesho yake nikarudi Ndanai.

Yule mama aliponiona alishika kichwa. Kumbe wananitafuta. Baba mkwe wake, Mzee Arap Rotich, alikuwa amelazwa Longisa siku ile ya gunia. Alipotoka hospitali hakuuliza ng'ombe, hakuuliza nyumba mpya, aliuliza mkebe wa tumbaku. Na tangu aambiwe umeenda na mtu wa skrepu, hajaongea na huyo mama. Chakula anakula, asante hakuna.

Nikapelekwa kwake. Mzee wa miaka themanini na kitu, mrefu, amekaa kwa kiti nje na blanketi begani. Nikamwambia chamgei, akaitikia akiangalia mikono yangu. Sikungoja maneno mengi, nikatoa medali nikampa.

Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaiweka karibu na macho, halafu mbali.

"Umeiosha," akasema.

Nikajibu ndiyo, mzee, ilikuwa chafu.

Nikaanza kuangalia pickup iko upande gani. Halafu akasema polepole, "Ile haikuwa uchafu. Ile ilikuwa barua."

Nikakalishwa chini. Yule mama akaleta mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, na mzee akaanza kuniambia. Nitawapa vile alinipa, na kumbukeni yeye pia alipewa na baba yake.

Miaka ile ya ishirini ikienda thelathini, wazungu walikuwa wanafungua mashamba ya chai upande wa Kericho. Baba yake, anaitwa Rotich, alikuwa kijana. Hapo estate ilipowekwa ndipo ng'ombe za baba yao zilikuwa zinakula. Nyasi ikaisha, kijana akaenda kuandikwa kazi pale pale alipokuwa anachunga. Wenzake walimcheka sana, ati Mkipsigis mzima ameshika jembe kama mwanamke. Alitaka kazi ya kuendesha mkokoteni wa ng'ombe, akapewa ya kuchimba mashimo.

Kwa mashimo ndiko alikutana na Odera.

Odera alikuwa mtu wa Nyakach, ng'ambo ya Sondu. Mkubwa kwake kwa miaka mingi, na ametoka vita. Kazi yake ilikuwa kamba. Chai ikipandwa, kamba inavutwa kutoka kigingi hadi kigingi ili mstari unyooke, na Odera ndiye alikuwa na jicho. Akamfundisha Rotich kuvuta kamba. Hawakuwa na lugha moja, walikuwa na Kiswahili cha vita cha Odera, ambacho mzee alisema nusu yake ilikuwa matusi na amri.

Medali Odera aliitiwa baraza huko kwao, miaka baada ya vita, akapangwa foleni akapewa. Alikuwa anaivaa shingoni, kwa uzi mmoja na kile kimkebe cha kipande, ile kitambulisho Mwafrika alikuwa lazima atembee nayo.

Sasa mzungu wa hiyo estate naye alikuwa ametoka vita hiyo hiyo. Siku moja kwa mwaka walikuwa wanakumbuka wafu wao, anavaa medali zake kifuani. Siku hiyo akapita kwa mashimo, akaona ya Odera. Akateremka kwa farasi. Akaishika, akasoma ukingo, akaangalia yake. Mfalme yule yule, farasi yule yule.

Rotich alikuwa hapo na jembe. Alisema mzungu alisimama kama mtu amesahau alikuwa anaenda wapi. Halafu akairudisha kifuani kwa Odera, akasema, "Rudi kazi," akapanda farasi.

Yule mzungu vita ilimpa shamba. Odera ilimpa kamba ya kunyoosha hilo shamba. Mimi naongeza hapo, mzee hakusema hivyo. Mzee alisema tu kwamba tangu siku hiyo mzungu hakupita tena hapo akiwa amevaa zake.

Halafu ikaja homa. Ilipita kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi, ikabeba watu. Odera aliugua siku chache akafa. Makaburi ya wafanyakazi hayakuwa yamepangwa bado, mtu anazikwa pale pana nafasi. Akazikwa mwisho wa bloku mpya, karibu na mtaro, mahali mashimo yalikuwa hayajafika.

Wiki chache, kamba ikafika.

Rotich ndiye alikuwa anaivuta sasa. Alipofika pale kwa Odera akaruka. Akaacha nafasi urefu wa mtu, akaendelea mbele na vigingi. Mzungu akaja, akaona pengo kwa mstari, akauliza ni nini hii. Rotich akamwambia hapo chini kuna jiwe kubwa, mti hautashika.

Mzungu akaangalia chini, akaangalia Rotich, akaenda.

"Baba alikufa hajui kama yule mzungu aliamini," mzee akaniambia, "ama alikuwa anajua."

Medali ilibaki kwa Rotich. Alituma maneno Sondu na watu waliokuwa wanarudi kwao: Odera amekufa, mje. Hakuna aliyekuja. Mwenyewe alienda mara moja, akafika sokoni hana lugha, Odera ni wengi kama mawe ya mto, akarudi. Na alikuwa anaogopa. Jina kwa medali si lake na mzungu anasoma. Akipatikana nayo ni mwizi. Kwa hivyo akaifunga kwa kitambaa.

Lakini kabla aifunge alichukua msumari. Hakujua kuandika, alijua kuhesabu. Upande mmoja wa farasi akachora mistari ya chai kutoka mtaro. Upande wa pili, miti kutoka barabara ya mikokoteni. Chai ikishapandwa haitembei, wakuu. Ile ya wakati ule ndiyo wanachuna mpaka leo.

Akimpa mtoto wake, huyu Arap Rotich, kabla afe, alimwambia neno moja tu: mtu wa Sondu atakuja.

Nikauliza mzee, na hizo hesabu ni ngapi?

Akaniangalia kama mtu anaangalia ng'ombe iliyoingia kwa mahindi.

"Kwa nini ningezishika kwa kichwa," akasema, "na ziko kwa medali?"

Hapo ndipo nilijua nimefanya nini. Siyo bei nimeua. Kulikuwa na ramani moja tu duniani ya huyu mtu amelala wapi, na mimi nimeipitishia grinder nikitafuta likes.

Halafu nikakumbuka picha.

Kwa simu haikuwa, nilikuwa nimeifuta memory ilipojaa. Lakini post ilikuwa hapa. Ile niliyokuwa nimeiwekea kidole nifute. Nikafungua data pale pale kwa mzee, network ya Ndanai mnaijua, nikapanda juu ya pickup nimeinua mkono kama mhubiri. Ikafunguka. Nikascroll matusi yenu yote mpaka kwa picha.

Upande wa kushoto: mistari tisa, safi kabisa.

Upande wa kulia: kidole gumba changu.

Nilikuwa nimeshika medali na kidole kimekaa juu ya mikwaruzo. Mistari mitatu inaonekana imetokeza. Kama chini ya kidole kuna mmoja ama kumi, Mungu peke yake anajua. Niliangalia hicho kidole changu nikatamani kukipeleka kwa skrepu.

Mzee akahesabu pole pole kwa kioo cha simu. Akafika tatu, akasimama. Halafu, wakuu, akacheka. Mara ya kwanza. Akamwita yule mama aje aone hicho kidole. Na huyo mama akajua amesamehewa, maana aliangusha sufuria.

Tukakubaliana mimi nichukue medali na mkebe wake nitafute watu wa Odera, yeye atatuonyesha estate. Alikuwa anajua ni ipi na bloku ni ipi. Baba yake alimpitisha kwa barabara akiwa mdogo, akamwonyesha na fimbo, hawakuingia.

Nikaenda Sondu siku ya soko. Nimeandika kwa karatasi ya boksi: ODERA OPIYO WA NYAKACH, ALIENDA VITA, ALIFIA CHAI. Nikasimama nayo.

Soko la kwanza watu walidhani ni mahubiri. Mmoja akanipa sadaka. Soko la pili walidhani natafutia mtu kura, wakaniuliza chai iko wapi. Soko la tatu hata watoto walikuwa wananisalimia "Odera". Nilirudi nyumbani miguu imefura, bibi yangu akaniuliza hii ni kazi ya nani umeshika. Nikamwambia yangu.

Soko la nne, mama mmoja muuza omena akanisomea boksi mara mbili, akaniuliza huyo mtu alizikwa wapi. Nikamwambia kwenye chai. Akasema basi nyumbani alizikwa yago.

Kwa wasiojua: Mjaluo akifia mbali na mwili usirudi, nyumbani wanachimba kaburi wanazika tunda la yago, lile refu zito kama mtu amelala. Ili asikae bila nyumba. Huyo mama alisema anajua boma moja lenye kaburi la yago la mtu wa chai, na binti yake bado yuko hai.

Dani Akeyo, Dani ni nyanya kwa Kijaluo. Anakaribia tisini, mdogo kama ndege, sauti kubwa. Alikuwa tumboni baba yake alipotoka nyumbani mara ya mwisho. Maneno ya Rotich yalifika kweli, lakini yalifika nusu: amekufa kwenye chai. Chai gani, hakuna aliyejua. Mama yake alingoja, akachoka, wazee wakazika yago.

Nilimwekea medali mkononi. Nilikuwa nimejitayarishia machozi, hata leso nilibeba. Yeye aliipima uzito kama mtu ananunua nyama, akanirudishia.

"Nyakwara," akaniita mjukuu wake, "hii si baba. Nimesalimia tunda miaka yote. Wewe nionyeshe baba."

Nikasema nitakuonyesha, Dani. Kwa kichwa nikijua niko na tisa na kidole gumba.

Estate haikuwa rahisi. Huwezi kuingia tu kwa chai ya watu na bibi mzee useme unatafuta mtu wa miaka ya thelathini. Mara ya kwanza askari wa geti alinirudisha. Mara ya pili niliambiwa niandike barua, nikaandika, na hiyo ndiyo barua ndefu niliwahi kuandika tangu Form Two, zote mbili. Mara ya tatu nikapata supervisor mmoja, mama Mkisii kama mimi. Nikamwambia yote mpaka kidole. Akacheka akashika mbavu, akaenda kuniombea ofisini. Tukapewa asubuhi moja, kabla wachunaji wamalize hiyo bloku.

Siku yenyewe nilifika na Dani na mke wa mtoto wake. Arap Rotich alikuwa ameshafika getini na yule mama wa mkebe. Amevaa koti na kofia, amesimama.

Dani akateremka kwa pickup kupitia mlango wangu, maana ule mwingine ni waya. Mzee akamwangalia. Akatoa kofia.

"Mtu wa Sondu amekuja," akasema.

Dani akapanga leso yake kichwani. "Nimechelewa kidogo," akasema. "Njia ilikuwa mbaya."

Tukaingia. Mtaro upo, umeota majani lakini upo. Barabara ya mikokoteni sasa inapita trekta. Nikaanza kuhesabu mistari kutoka mtaro, mzee nyuma yangu anahesabu kwa Kipsigis, Dani anahesabu kwa Kijaluo, supervisor kwa Kiingereza. Tulifika tisa pamoja.

Kama hujawahi kutembea ndani ya chai, imefungana mpaka kiunoni, miguu haina nafasi. Dani hakutaka kubebwa. Alitembea akishikilia chai huku na huku kama mtu anavuka mto.

Mti wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

Nikasimama. Baada ya wa tatu kulikuwa na mwingine tu, kama hiyo mingine. Nikasema sasa itabidi nimwambie huyu mama ukweli.

Mchunaji mmoja, dada amebeba kikapu mstari wa pili, akatuita. Anauliza tunatafuta nini hapo Kwa Jiwe.

Nikamuuliza wapi?

"Hapo mbele yako, baada ya huo mti," akasema. "Ni Kwa Jiwe hapo. Tulikuta inaitwa hivyo."

Nikasogea hatua moja, nikapita mti wa nne. Na chai ikafunguka. Nafasi urefu wa mtu, ndefu hivi, halafu mstari unaendelea.

Supervisor akamuuliza dada jiwe liko wapi sasa. Akasema hakuna jiwe, madam. Tunapalilia hapo kila mara, jembe inaingia laini. Ni jina tu.

Nikageuka. Arap Rotich ameshika kofia kwa mikono miwili. Hakulia. Alikuwa anaangalia ule mstari vile umenyooka, kutoka barabara mpaka hapo na kutoka hapo kwenda mbele, kama uliovutwa jana.

Dani alikaa chini kwa udongo. Akaongea Kijaluo muda mrefu, sauti yake kubwa imekuwa ndogo. Sikuelewa na sikuuliza. Wachunaji walisimama. Halafu akachota udongo kwa mkono wake akaweka kwa leso, akafunga fundo.

Nyakach walikuwa wametungoja, boma lote, na Arap Rotich tulienda naye. Ule udongo ulimwagwa kwa kaburi la yago, wakaomba, wakaimba.

Nikasema kazi yangu imeisha. Nikampa Dani medali mara ya pili, kwa heshima zote, niende zangu.

Akaiangalia ule upande wa farasi, unang'aa. Akauliza Arap Rotich zile alama zilikuwa wapi. Mzee akamwonyesha na ukucha, hapa na hapa. Dani akamtuma mke wa mtoto alete msumari.

Nilidhani ni wa kuitundika ukutani.

Akanipa mimi.

"Wewe ndiye ulifuta," akasema. "Andika."

Wakuu, mnanijua. Mimi ni collector. Medali yenye mkwaruzo mmoja siwezi kulala vizuri. Nilikaa kwa kiti cha plastiki, mbele ya boma zima, medali ya vita ya kwanza kwa goti langu. Nikachora moja. Ilitoa sauti kama meno. Dani akasema, hiyo haionekani, tia nguvu.

Nikatia nguvu. Tisa upande huu. Halafu nikahamia upande wa pili, moja, mbili, tatu, nikamwangalia mzee.

"Na ile ya kidole," akasema.

Nne.

Dani akapitisha kidole juu yake, akahesabu, akaifunga kwa kitambaa na kuirudisha kwa ule mkebe wa kutu wa tumbaku. Akaniambia sasa hata akifa, mjukuu yeyote anaweza kufika.

Basi ndivyo nilivyojifunza. Ukipata kitu cha mtu wa zamani, weka grinder chini kwanza. Kile unaona ni uchafu uliza kimetoka wapi, uliza nani alikishika. Na usifute post zako hata watu wakikucheka, huwezi kujua.

Mkebe wangu wa biskuti umebaki na medali kumi na moja, zote chafu, sizigusi. Nane zina majina ya watu wa huku kwetu na wa ziwani, na sasa kila soko niko nje na boksi langu. Kwa hivyo kama kwenu kulikuwa na babu alienda vita ya Mwingereza, ama kuna kaburi la tunda nyumbani, andika jina lake hapa chini na mahali alitoka. Nitafungua mkebe niangalie, moja moja.

Na wale wa kunicheka pia karibuni, wewe wa mifupa wa kwanza, maana bila kicheko chenu nisingerudi Ndanai. Mlinisaidia mara ya kwanza.